Sikukuu ya Mama: Asili Yake na Fundisho Lake kwa Wakristo



Jumapili ya pili ya mwezi wa Mei hushikwa katika sharika nyingi kuwa siku ya kuwakumbuka akina mama. Watoto huimba, wazee wa kanisa hutoa maneno ya shukrani, na vijana huwapelekea mama zao zawadi. Jambo hili ni jema, wala hatukusudii kulizuia. Lakini mwinjilisti akiulizwa habari zake, imempasa awe na jibu. Siku hii ilitoka wapi? Je, ni ya Kanisa, au ni ya wenye maduka? Je, ni kweli ya kuwa ilianza katika ibada ya miungu? Na mtu akiisha kumpa mama yake zawadi siku hiyo, je, ameitimiza Amri ya Nne?

Basi tumeona vema kuieleza habari hii kwa utaratibu, ipate kusomwa nyumbani na kufundishwa katika madarasa.

1. Haikutoka kwa miungu

Wako wanaosema ya kuwa sikukuu hii ni ya Wayunani na Warumi wa kale. Ni kweli watu hao walikuwa na mungu mke aliyeitwa Cybele, na Warumi walimwita Mama Mkuu. Mwaka 204 kabla ya Kristo walilileta jiwe lake kutoka Asia Ndogo mpaka Roma, wakamfanyia sikukuu kila mwaka katika mwezi wa Aprili. Lakini sikukuu ile ilikuwa ya kumwabudu mungu wao. Haikuwa ya mtoto kumheshimu mama aliyemzaa. Nayo ilikoma zamani sana. Walioianzisha siku tuijuayo sisi walikuwa Wakristo, nao walikuwa na sababu nyingine kabisa, kama mtakavyoona.

2. Jumapili ya Mama katika Uingereza

Desturi iliyo karibu zaidi na yetu ni ya Kanisa la Uingereza. Huko, Jumapili ya nne ya Kwaresima iliitwa Jumapili ya Mama. Somo la siku hiyo lilitoka katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya 4, ambamo mtume Paulo anafundisha ya kuwa Yerusalemu wa juu ndio mama yetu. Kwa hiyo watu walikuwa na desturi ya kwenda siku hiyo kwenye kanisa mama la mahali pao.

Tena walikuwako vijana wengi, wavulana kwa wasichana, waliofanya kazi katika nyumba za watu wengine, au waliokuwa wakijifunza kazi za mikono mbali na kwao. Siku hiyo walipewa ruhusa na mabwana zao kwenda kuwaona mama zao. Waliyachuma maua njiani, na wengine walichukua mkate mtamu wenye matunda makavu. Angalieni jambo hili: maua yale yalikuwa ya njiani, hayakununuliwa. Zawadi yenyewe ilikuwa mtoto kurudi nyumbani.

3. Mama Ann Jarvis na kazi yake

Sikukuu ya mwezi wa Mei ina asili yake Marekani, katika jimbo la West Virginia. Huko alikaa mama mmoja, jina lake Ann Reeves Jarvis, aliyezaliwa mwaka 1832. Alizaa watoto zaidi ya kumi, lakini waliofikia utu uzima ni wanne tu. Wengine walikufa kwa magonjwa yaliyowaua watoto wengi siku zile. Mama zetu na bibi zetu wanayajua machozi ya namna hiyo, wala hawana haja ya kuelezwa.

Mama huyu hakukaa na huzuni yake tu. Mwaka 1858 aliwakusanya akina mama wa miji iliyo karibu naye, wakaanzisha vyama vya kazi. Walifundisha usafi wa nyumba na wa maji. Walikagua maziwa na vyakula. Walichanga fedha za kununua dawa, na mama wa nyumba akiugua kifua kikuu walimtafutia mtu wa kumsaidia kazi na kuwatunza watoto wake. Ndugu yake mwenyewe, aliyekuwa daktari, aliwashauri.

Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, tangu 1861 hata 1865. Nchi ile ikagawanyika, majirani wakawa adui, hata ndugu wa nyumba moja wakashika silaha katika majeshi mawili. Mama Jarvis akavitaka vyama vyake visiwe upande wowote. Homa ya matumbo na surua zilipoingia katika kambi za askari, akina mama wale waliwauguza wote, wa kaskazini na wa kusini, wala hawakuuliza huyu ni wa jeshi gani. Vita ilipokwisha, chuki haikwisha. Ndipo mwaka 1868 mama yule akawaita watu wa pande zote mbili, waliopigana pamoja na jamaa zao, wakutane katika mji wa Pruntytown kwa siku ya urafiki, wapate kupatana. Watu waliogopa ya kuwa patatokea ugomvi, lakini siku ikapita kwa amani.

Wakati uo huo, mwanamke mwingine wa Marekani, Julia Ward Howe, aliona vita ya Ufaransa na Prussia, naye mwaka 1870 aliwaandikia wanawake wa ulimwengu wote, akiwaomba wasimame pamoja kwa ajili ya amani.

Basi yatupasa kulikumbuka jambo hili: siku ya akina mama ilipoanza haikuwa siku ya mama kukaa kitini akipokea sifa. Ilikuwa siku ya kazi: kuwaponya watoto, kuwauguza adui, na kuwapatanisha majirani.

4. Anna, binti yake

Mama Jarvis alifundisha katika Shule ya Jumapili ya kanisa la Wamethodisti katika mji wa Grafton kwa miaka mingi. Inasimuliwa ya kuwa siku moja katika mwaka 1876 alifundisha habari za akina mama wa Biblia, akamaliza kwa kuomba ya kuwa siku moja atokee mtu wa kuweka ukumbusho wa akina mama kwa ajili ya utumishi wao. Binti yake Anna, mwenye umri wa miaka 12, alikuwapo akasikia.

Mama huyo alifariki tarehe 9 Mei 1905. Anna akaazimu kuyatimiza maombi ya mama yake. Aliandika barua nyingi sana kwa wachungaji, kwa wakuu wa serikali na kwa watu wenye sifa. Tarehe 10 Mei 1908 ibada ya kwanza ya siku hiyo ikafanyika katika kanisa lile la Grafton. Anna hakuweza kuwapo, lakini alipeleka maua meupe 500 ya namna iitwayo karnesheni, kwa kuwa mama yake aliyapenda. Alasiri ya siku iyo hiyo ukafanyika mkutano mkubwa Philadelphia, katika duka la mfanyabiashara John Wanamaker.

Mwaka 1910 gavana wa West Virginia aliitangaza siku hiyo katika jimbo lake. Tarehe 8 Mei 1914 baraza kuu la Marekani liliipitisha, na kesho yake Rais Woodrow Wilson akatangaza ya kuwa Jumapili ya pili ya Mei iwe Siku ya Mama katika nchi nzima. Jina lake likaandikwa kwa umoja, si kwa wingi. Ndivyo alivyotaka Anna: kila mtu amkumbuke mama yake mmoja, yule aliyemlea, siku isiwe ya kuwasifu wanawake wote kwa maneno matupu.

5. Siku ikageuka kuwa soko

Sasa tumefika mahali penye huzuni. Kwa kuwa maua yale yalikuwa alama ya siku, wauza maua waliona faida, na bei yake ikapanda kila mwezi wa Mei. Wauza peremende wakafuata, kisha wachapishaji wa kadi. Anna alipoona hivyo alikasirika sana. Alisema kadi iliyochapishwa ni uvivu wa mtu asiyetaka kumwandikia kwa mkono wake mwenyewe yule aliyemtendea mema kuliko wote duniani. Alitaka mtoto aende nyumbani, na akiwa mbali aandike barua.

Akapigana nao. Aliwatisha watu kwa mashtaka. Mwaka 1925 aliingia katika mkutano wa chama kimoja cha akina mama wa askari huko Philadelphia, akiwapinga kwa sababu waliuza maua ya karnesheni ili kuchanga fedha, naye akakamatwa kwa kosa la kuvunja amani. Hatimaye alitaka siku ile ifutwe kabisa, yeye aliyeianzisha. Mali yake yote ikaishia katika mapigano hayo. Hakuolewa wala hakuzaa. Alifariki tarehe 24 Novemba 1948 katika nyumba ya wagonjwa, hali maskini.

Je, tumhukumu? Pengine hasira yake ilizidi kipimo, maana wale aliowapinga mwaka 1925 walikuwa akina mama kama mama yake. Tena tusifiche ya kuwa mkutano wa kwanza wa Philadelphia ulifanyika ndani ya duka. Hata hivyo aliona neno la kweli: heshima ikiisha kuuzwa dukani, mtu hudhani ya kuwa aliyelipa amekwisha heshimu.

6. Jinsi siku ilivyoenea katika mataifa

Siku hiyo ilienea upesi. Katika Uingereza binti wa mchungaji, Constance Penswick Smith, alisoma habari za Anna Jarvis gazetini mwaka 1913. Akaona ya kuwa Kanisa lake lina siku yake ya kale iliyokaribia kusahauliwa. Alifanya kazi miaka mingi kuifufua, na mwaka 1921 akatoa kitabu juu yake. Ndiyo sababu Waingereza huishika siku yao wakati wa Kwaresima, si mwezi wa Mei. Naye pia hakuwa na mume wala mtoto.

Katika nchi za Walutheri wa kaskazini siku zake hazifanani. Wanorwe huishika Jumapili ya pili ya Februari, Wafini Jumapili ya pili ya Mei, na Waswidi Jumapili ya mwisho ya Mei. Wafini huipandisha bendera asubuhi. Watu wa Meksiko huishika tarehe 10 Mei, iwe siku yo yote ya juma, tangu mwaka 1922. Watu wa Thailand huishika tarehe 12 Agosti, siku aliyozaliwa Malkia Sirikit.

Katika Misri siku hiyo ilianza tarehe 21 Machi 1956, kwa shauri la mwandishi wa magazeti Mustafa Amin. Husimuliwa ya kuwa alijiwa na mjane aliyemlea mwanawe kwa taabu na kumsomesha mpaka akawa daktari, kisha mwana akaoa, akamwacha mama bila shukrani. Kutoka Misri siku hiyo ilienea katika nchi za Waarabu, hata Oman na nchi za Ghuba, ambako wako wengi wasemao Kiswahili.

Habari za Ujerumani ni za kutuonya, nasi Walutheri hasa imetupasa kuzijua. Huko siku hiyo ilianzishwa na chama cha wenye maduka ya maua, mwaka 1923. Hitler alipopata kutawala mwaka 1933, serikali yake iliichukua ikaifanya sikukuu ya taifa. Mwaka 1938 ikaamuru msalaba wa heshima kwa akina mama: wa shaba kwa aliyezaa watoto wanne au watano, wa fedha kwa aliyezaa sita au saba, na wa dhahabu kwa aliyezaa wanane na kuzidi. Mama wa Kiyahudi hakupewa, wala yule ambaye serikali ilimhesabu kuwa mtu duni. Misalaba ya kwanza ilitolewa mwezi wa Mei 1939. Mwezi wa Septemba mwaka uo huo vita ikaanza, na wana wa akina mama wale wakapelekwa kufa. Tazameni, ndugu: Mama Jarvis aliwauguza wana wa adui, na hawa waliwahesabu wana wa mama kama mtu anavyohesabu risasi. Jina la siku lilikuwa moja.

7. Neno la Mungu linafundisha nini?

Maandiko hayatuagizi siku ya mama. Kwa hiyo mtu asiyeishika hana hatia, wala anayeishika hajipatii haki mbele za Mungu. Bali Maandiko yanatuagiza heshima yenyewe, nayo haina msimu. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Martin Luther alifundisha ya kuwa heshima ni zaidi ya upendo, na ya kuwa wazazi wanastahili heshima hiyo hata wakiwa maskini, dhaifu, au wenye tabia ngumu, kwa sababu ni Mungu aliyetupa. Tena alifundisha ya kuwa imetupasa kuwatunza kwa mwili na kwa mali wanapozeeka. Naye mwenyewe, mama yake Margarethe alipougua sana, alimwandikia barua tarehe 20 Mei 1531. Alimtia moyo kwa Kristo aliyeushinda ulimwengu, akamwambia ya kuwa watoto wake na mkewe wanamwombea. Mama alifariki mwezi uliofuata.

Lakini neno lililo kali kuliko yote ni la Bwana wetu mwenyewe, katika Marko 7:9-13. Walikuwako watu waliosema ya kuwa mali yao ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo hawawezi tena kuwasaidia baba na mama zao. Mbele za watu walionekana wachaji Mungu sana. Yesu aliwaambia ya kuwa kwa mapokeo yao wamelitangua neno la Mungu. Basi kama sadaka ya hekaluni haikuweza kuwa badala ya kumtunza mama, je, kitambaa kizuri cha mwezi wa Mei kitawezaje? Kijana anayempa mama yake kitenge mbele ya usharika wote, naye mwaka mzima hajauliza kama paa la nyumba yake linavuja, huyo amepata korbani mpya.

Tena mtazameni Bwana msalabani, katika Yohana 19:25-27. Alipokuwa katika maumivu makali, na kazi ya kuukomboa ulimwengu wote iko juu yake, hakumsahau mama yake. Hakuwa na cho chote cha kumpa mkononi. Alimpa mtu wa kumchukua nyumbani kwake, na yule mwanafunzi akamchukua tangu saa ile. Huo ndio mfano wetu.

8. Namna ya kuishika siku hii katika usharika

Sikukuu hii katika nchi zetu ni ya hiari. Kwa hiyo usharika una nafasi ya kuishika kwa hekima. Tunatoa mashauri machache.

Kwanza, ibada iwe ya Mungu. Tumshukuru yeye kwa ajili ya mama zetu, wala tusiwaimbie wao kama tunavyomwimbia Bwana.

Pili, tusiwasahau walio na huzuni siku hiyo. Yuko mwanamke anayelilia mtoto, na yuko aliyezika watoto. Yuko yatima asiyemkumbuka mama yake kwa sura. Wakati akina mama wanaposimamishwa mbele, huyu tasa atakaa wapi? Wazee wetu walisema: Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi waitwe pia shangazi, mama wadogo, bibi na walimu waliolea wasiowazaa. Mkumbukeni Anna Jarvis na Constance Penswick Smith: hawakuzaa, lakini kwa kazi yao akina mama wengi wameheshimiwa.

Tatu, mchango usiwe wa mashindano. Mahali ambapo jina la mtoaji na kiasi chake husomwa kwa sauti, mwenye kidogo huona haya, akakaa nyumbani, na mama yake naye akakaa nyumbani. Ni afadhali vijana wachague kazi: kuezeka nyumba ya mjane, kumlimia, kumchotea maji, kumsomea Neno asiyeona tena maandishi. Mtume Paulo anafundisha katika 1 Timotheo 5:4 ya kuwa watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuonyesha utauwa wao nyumbani kwao wenyewe.

Nne, aliye mbali na mama yake mjini, aende. Asipoweza kwenda, na aandike au apige simu, wala si siku hiyo tu. Na aliyegombana na mama yake asingoje mwezi wa Mei.

Ndugu, mama Ann Jarvis hakuona siku ile ikitangazwa. Aliwaona watoto waliopona na adui waliopeana mikono. Tukimpa mama yeyote mmoja wa usharika wetu msaada wa namna hiyo, tutakuwa tumeishika sikukuu yake, hata kama hapakuwa na ua moja mezani.

Mungu awabariki mama zetu, walio hai na waliolala katika Bwana.

Maswali ya kujifunza

1. Vyama vya Mama Ann Jarvis vilifanya kazi gani kabla ya vita, wakati wa vita, na baada ya vita?
2. Kwa nini Anna alitaka siku aliyoianzisha ifutwe?
3. Msalaba wa heshima wa Ujerumani ulikosa nini, mbele ya Neno la Mungu?
4. Someni Marko 7:9-13. Katika usharika wetu, ni mambo gani yanaweza kuwa korbani?
5. Ni mama gani katika mtaa wetu asiye na mtu wa kumtunza? Nani atakwenda kwake juma hili?